Harufu za wanyama zinazofukuza mbung'o, kupe na mbu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwenye minada ya Meserani na Weruweru, kwenye majosho ya Simanjiro, na kwa akina mama wa Kibosho na Marangu wanaokatia ng'ombe majani. Machache yameletwa na vijana wanaoendesha wageni mbugani. Tumeanza na yale ya msingi. Yenye mikanganyiko yako mwishoni.

## Misingi

Ni kweli kuna wanyama ambao mbung'o hawawaumi?

Kweli, ingawa kusema hawaumwi kabisa ni kuzidisha. Tangu katikati ya karne iliyopita watafiti wamekuwa wakipasua matumbo ya mbung'o na kupima damu iliyomo ili kujua imetoka kwa mnyama gani. Damu ya ngiri, nyati, tandala na pongo hukutwa mara nyingi. Ya punda milia, nyumbu na kuro hukutwa kwa nadra, hata mahali ambapo wanyama hao wamejaa na mbung'o nao wamejaa.

Kuro ndiye aliyewafungua watu macho. Mtu wa Ngare Nanyuki anamjua, maana anaonekana kirahisi kuzunguka maziwa ya Momella: mkubwa, manyoya marefu, duara jeupe matakoni. Manyoya yake yana mafuta, na ukisimama upande ambao upepo unakuletea, unaipata harufu yake nzito kabla hujamwona vizuri. Anashinda karibu na maji na vichaka, mahali anapopenda mbung'o, na bado mbung'o anampita na kwenda kumtafuta nyati.

Basi kinachomfukuza mdudu ni ule mnuko wenyewe?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Pua yako si kipimo. Beberu ananuka kuliko kitu chochote bomani na mbu hana habari naye. Mkojo wa ng'ombe unakuchoma pua, lakini mbung'o anaufuata kwa furaha. Tena ziko harufu ambazo wewe huzisikii kabisa na zinamfanya mdudu ageuke angani.

Mdudu anayekula damu husoma harufu kama taarifa: huyu ni nani, ana damu ninayoiweza, ni mwepesi wa kunipiga mkia? Taarifa ikisema "huyu si wako," anaondoka. Kwa hiyo kila unapoambiwa kitu fulani kinafukuza wadudu, uliza kinafukuza mdudu gani. Hakuna harufu inayowafukuza wote, na utaona katika maswali ya mbu kwamba kitu kilekile humfukuza mmoja na kumwita mwingine.

Mbung'o anamtambuaje ng'ombe akiwa mbali?

Kwa pumzi na mkojo kwanza, kwa macho baadaye. Pumzi ya ng'ombe ina hewa ya kaboni dioksidi, asetoni na kitu kiitwacho oktenoli. Mkojo wake una fenoli. Kazi kubwa ya kuzichambua harufu hizi ilifanyika katika bonde la Zambezi, Zimbabwe, miaka ya 1970 na 1980, ambako Glyn Vale na wenzake waligundua namna ya kuzitia kwenye mitego ya kitambaa na kuvuna mbung'o kwa wingi. Mbung'o huifuata harufu kwa kupanda na upepo, na akikaribia hutumia macho. Rangi ya bluu na nyeusi humvuta sana, ndiyo maana mitego unayoiona porini ni ya rangi hizo.

Na harufu ya kuro ina nini ndani?

Ni mchanganyiko. Kuna asidi zenye harufu ya jasho, kuna gwayakoli, kuna jeranili asetoni, na vingine kadhaa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, ndicho kilichofanya kazi kubwa ya kuvitenganisha na kuvijaribu mbele ya mbung'o.

Gwayakoli unaijua hata kama jina ni geni. Ndiyo inayoupa moshi wa kuni harufu yake. Mzee anayewasha mavi makavu na kuni mbichi mlangoni mwa zizi jioni anasambaza, pamoja na mengine mengi, kitu ambacho kuro anakibeba mwilini. Moshi unasaidia kweli zizini. Ndani ya nyumba ya kulala watoto usiulete, unaharibu mapafu.

Punda milia anaokolewa na mistari au na harufu?

Vyote viwili. Mwaka 2019 watafiti waliwavalisha farasi makoti yenye mistari kama ya punda milia, na nzi wa kuuma walikuja karibu nao kama kawaida lakini wakashindwa kutua. Mwaka huohuo Japani ng'ombe waliopakwa mistari mieupe na myeusi walipata nusu tu ya nzi waliowapata wenzao. Lakini mwaka huohuo pia icipe ilionyesha kuwa harufu ya ngozi ya punda milia peke yake, bila mnyama wala mistari, inampunguza mbung'o mtegoni. Ndani yake kuna jeranili asetoni ileile ya kuro, na kitu kingine kiitwacho sulkatoni. Likumbuke jina hilo, litarudi.

## Ng'ombe na mbung'o

Nimesikia kuna ukanda wa shingoni wenye harufu ya kuro. Unafanya kazi?

Unafanya kazi. Ukanda huo una kifaa kidogo kinachoachia harufu ya kuro polepole, iliyotengenezwa maabara, na ng'ombe anatembea nayo malishoni. Ulijaribiwa na wafugaji wenyewe karibu na Shimba Hills, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, na matokeo yalichapishwa 2017. Nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe waliovishwa. Wanyama walinenepa na damu yao iliimarika.

Mimi naona hili ni jambo kubwa kwa watu wa Simanjiro kuliko wanavyolipokea. Kwa miaka mingi mfugaji wa kule amekuwa na njia mbili tu: kuhama na ng'ombe mbung'o wanapozidi, au kuchoma sindano za dawa ya nagana, Samorin na Berenil, mpaka vimelea vinazizoea. Harufu inaongeza njia ya tatu, ile ya kumzuia mbung'o asitue kabisa.

Je, nikivisha ukanda niache kuogesha na kuchanja?

Usiache. Harufu ya kuro inamhusu mbung'o. Usiitegemee kwa kupe, na ndigana kali inaletwa na kupe. Tena mbung'o mwenye njaa kali haogopi kama aliyeshiba. Baadhi watatua tu.

Kuhusu kuogesha, angalia umeandikiwa dawa gani. Zenye amitrazi huua kupe na kumwacha mbung'o akienda zake. Zenye deltamethrini au jamii yake huua wote wawili. Na ukiwa na dawa kidogo, ujue kwamba mbung'o wengi hutua miguuni, hasa kwa maksai na ng'ombe wakubwa, na huwaacha ndama. Simama pembeni ya ng'ombe mchana wa jua uangalie: mbung'o anakuja chinichini, anatua juu ya kwato, anakunja mbawa moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa, na ndani ya dakika chache tumbo limevimba jekundu. Paka miguu na tumbo la wale wakubwa na utakuwa umemkuta mahali pake.

Harufu haiui. Si itamhamishia mbung'o kwa ng'ombe wa jirani?

Swali zuri, na jibu ni kwamba inaweza. Mbung'o aliyekataliwa hapa ana mabawa na ana njaa. Ndiyo maana wataalamu wanashauri kusukuma na kuvuta kwa pamoja: harufu ya kuro kwa ng'ombe, na upande wa pili mitego ya bluu na nyeusi yenye chambo cha mkojo wa ng'ombe na asetoni. Anayefukuzwa anapewa mahali pa kufia.

Na mbung'o ana udhaifu mmoja mkubwa. Hatagi mayai mengi kama nzi wa chooni. Jike huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10 hivi, kwa hiyo hata kuua majike wachache kila siku, bila kuacha, kunawamaliza. Kijiji kikikubaliana kufanya pamoja, jirani haumii.

Nimpake ng'ombe mkojo wake mwenyewe, au nijipake mimi nikienda porini?

Kwa mbung'o, huo ni mwaliko. Mkojo wa ng'ombe na wa nyati ni chambo cha mitego, kama ilivyoelezwa juu. Ukiuacha ukae siku chache kwenye dumu lenye jua, fenoli zake zinazidi na mvuto unaongezeka. Mchungaji anayejipaka mkojo ili kuwafukuza mbung'o anajitangaza.

Nikichanganya mbuzi na ng'ombe, harufu ya mbuzi itawalinda ng'ombe?

Hapana. Mbung'o huuma mbuzi mara chache kuliko ng'ombe, ila sababu mojawapo ni kwamba mbuzi ni mwepesi, anatikisa mguu na kumkatisha mlo. Ng'ombe akiwa karibu, mbung'o anamchagua yeye. Na mbuzi naye hupata nagana.

Ninaweza kutundika ngozi ya kuro au ya punda milia zizini?

Usithubutu. Ngozi, pembe, hata kipande cha manyoya ni nyara ya serikali kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi nzito. Hata sheria ikiwekwa kando, ngozi kavu imeshapoteza sehemu kubwa ya harufu yake; kinachofukuza ni kile kinachopaa hewani, na kimepaa. Harufu ya kwenye ukanda inatengenezwa maabara. Hakuna kuro anayeguswa.

Jibu ni hilohilo kwa mafuta ya simba yanayouzwa kwa siri.

Mimi niko Marangu, nafugia ndani. Haya yananihusu?

Mbung'o hakuhusu, baridi ya huko na vihamba vilivyolimwa havimpi makao. Wanaokusumbua ni nzi wa kuuma miguu, ambao huzaliana kwenye mavi yaliyochanganyika na majani yaliyobaki, na kupe anayekuja na majani uliyokata nje. Ondoa samadi mara kwa mara, kisha soma sehemu inayofuata.

## Kupe

Kupe naye anafuata harufu?

Anafuata, tena kwa namna ya ajabu. Hana vipapasio kichwani kama mbung'o. Ananusa kwa miguu ya mbele. Ukiinama kwenye majani malishoni asubuhi utamwona amepanda ncha ya jani, ameshika kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ya mbele hewani, anasubiri.

Kupe wa kahawia wa sikioni, anayeleta ndigana kali, na kupe mwenye miguu myekundu anayekaa chini ya mkia ni ndugu wa karibu. Mweke wa kwanza popote mwilini mwa ng'ombe, atatembea mpaka sikioni. Mweke wa pili, atakwenda chini ya mkia. Watafiti wa icipe walichukua harufu ya sikio na harufu ya chini ya mkia wakazijaribu kwa wote wawili. Harufu ya sikio ilimvuta wa sikio na kumfukuza wa mkiani. Ya mkiani ilifanya kinyume chake. Yaani kwenye mwili wa ng'ombe mmoja, kinachomfukuza kupe huyu ndicho kinachomwita yule.

Je, ipo harufu ya mnyama ninayoweza kununua leo kufukuzia kupe wa ng'ombe?

Usiweke fedha yako huko. Kwa kupe wa ng'ombe shika josho au bomba la kunyunyizia kwa ratiba ya afisa mifugo wako, na chanjo ya ndigana kali, ambayo wafugaji wa Kimaasai wa huku kaskazini wameitumia kwa miaka mingi na wanaijua faida yake kwa ndama. Chupa yoyote isiyo na namba ya usajili, hata muuzaji akikuapia kwamba ina harufu ya mnyama gani, iache mezani.

Mbona mbwa mmoja anajaa kupe na mwenzake hana?

Hilo nalo limechunguzwa. Mbwa wa aina ya beagle hushikwa na kupe wa mbwa kidogo kuliko aina nyingine, na harufu ya mwili wake ina vitu viwili vinavyomfukuza kupe huyo. Huenda mbwa wako wa kienyeji amejaliwa kitu cha namna hiyo. Mwogeshe tu vilevile.

## Mbu na watu

Ni kweli kuku akilala chumbani mbu wa malaria hawaji?

Uko utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa 2016. Kuku aliwekwa kwenye kizimba karibu na kitanda cha mtu aliyelala ndani ya chandarua kisicho na dawa, na mbu aina ya Anopheles arabiensis walionaswa chumbani humo walipungua sana. Harufu ya kuku pekee, bila kuku, ilifanya kazi hiyo pia. Mbu huyu hunywa damu ya kuku kwa nadra sana.

Hii inatugusa moja kwa moja, kwa sababu Anopheles arabiensis ndiye mbu mkuu wa malaria kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, Chekereni na Kahe. Lakini usihamishie kuku chumbani kwa sababu hiyo. Kuku analeta utitiri na vumbi la mavi yake, na mbu wa mitaroni, yule anayekunyima usingizi Moshi mjini na Unga Limited ya Arusha, hunywa damu ya ndege bila wasiwasi. Faida ya utafiti ule ni kwamba siku moja harufu hiyo itaweza kutiwa kwenye kifaa kidogo cha ukutani. Chandarua chenye dawa kinabaki mahali pake.

Ng'ombe akiwa karibu na nyumba anapunguza mbu au anawaongeza?

Inategemea umbali na mbu. Utafiti wa Moshi ya chini (Lower Moshi), kwenye mashamba hayo ya mpunga, uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba Anopheles arabiensis wa pale hunywa sana damu ya ng'ombe, na akishiba hupumzika bandani. Ng'ombe aliyetengwa na nyumba anaweza kumvuta mbu huyo mbali na watu. Ng'ombe anayelala ukuta mmoja na wewe anamleta mlangoni, na wewe ndiye chakula cha akiba. Banda lisogee, na likipuliziwa dawa linakuwa mtego.

Kwa nini mbu wananila mimi na kumwacha mume wangu kitanda kimoja?

Kwa sababu mnanuka tofauti. Watafiti wa Uingereza waliwalinganisha watu wanaoumwa sana na wasioumwa, wakachapisha 2008 kwamba wale wasioumwa hutoa kwa wingi vitu fulani vinavyomchanganya mbu. Viwili kati yake ni jeranili asetoni na sulkatoni, vilevile vya punda milia. Kwa mapacha wa kufanana, mvuto wao kwa mbu hulingana, kwa hiyo sehemu ya jambo hili mtu anazaliwa nayo. Ujauzito huongeza mvuto, na mtu mwenye vimelea vya malaria huvuta mbu zaidi pia, jambo ambalo linamfaa kimelea na kuiumiza familia nzima. Mama mjamzito na mgonjwa wa homa wawe wa kwanza kupewa neti nzuri.

Basi nijipake hiyo sulkatoni.

Ngoja. Mwaka 2014 watafiti waliolinganisha mbu wa Rabai, nyuma ya Mombasa, waligundua kwamba Aedes aegypti wa majumbani, anayeleta dengi, anampenda binadamu kuliko mnyama kwa sababu pua yake imenolewa kuisikia sulkatoni. Ndugu yake wa msituni, asiyejali binadamu, haisikii vizuri hivyo. Kinachomkinga punda milia ndicho kinachomwambia mbu huyo kwamba mtu yuko hapa. Hii ndiyo sababu tulisema mwanzoni: uliza mdudu gani.

Mbege inafukuza mbu?

Inawaita. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa 2010 ulifanywa kwa wanaume waliokunywa pombe ya mtama ya kule, na mbu wa malaria waliwafuata zaidi kuliko kabla hawajanywa. Mbege ni ya ndizi na ulezi, lakini sioni sababu ya mnywaji wa Kibosho kujiona salama kuliko wa Burkina Faso. Ukitoka kilabuni jioni, vaa mikono mirefu.

Kitunguu saumu kilijaribiwa pia kwa kukila, na hakikuonyesha kinga yoyote.

## Ya pembeni

Nimeona video ya nyani anajisugua jongoo. Nasi tufanye hivyo?

Hao ni nyani wadogo wa Amerika ya Kusini. Huokota jongoo msimu wa mvua na kujipaka majimaji yake, na majimaji hayo kweli hufukuza mbu. Wewe usifanye. Yanaunguza ngozi, na yakiingia jichoni yanaumiza vibaya sana. Watoto waambiwe.

Napeleka wageni Tarangire. Niwape harufu gani?

Hakuna ya kuwapa kwa sasa. Dawa za mbu za kupaka humsumbua mbung'o kidogo tu. Cha maana ni nguo: kaki au kijani hafifu, mikono mirefu, kitambaa kizito, kwa sababu mdomo wake hupenya shati jepesi. Bluu na nyeusi zibaki hotelini. Gari linalotembea humvuta, kwa hiyo funga madirisha mnapopita vichakani.

Na usichukulie mwiba wake kirahisi. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliokuwa Tarangire na Serengeti walirudi kwao na malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o kwa watu. Mgeni au dereva akipata homa ndani ya wiki chache, hasa kama kuna kidonda chekundu kilichovimba mahali alipoumwa, amweleze daktari kwamba alikuwa mbugani na aliumwa na mbung'o. Kipimo cha haraka cha malaria hakitaionyesha malale. Huonekana kwenye kioo cha damu chini ya hadubini, na aliye maabara anapaswa kuambiwa mapema anatafuta nini.